Hukwe Zawose

Hukwe Ubi Zawose (1938 – 30 Desemba 2003) alikuwa mwanamuziki na mwalimu wa sanaa za jadi nchini Tanzania. Alikuwa wa kabila la Wagogo na alijulikana hasa kwa kupiga ilimba na zeze pamoja na uimbaji wake. Alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na akaendelea kufundisha nyumbani kwake, ambako watoto na ndugu zake wakawa wanamuziki.

Maisha ya awali

Zawose alizaliwa katika eneo la Dodoma, katikati ya Tanzania ya leo, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Wagogo ni wakulima na wafugaji wa nchi kame, na muziki wao huambatana na shughuli kama jando, harusi, mavuno na maombi ya mvua. Kama ilivyokuwa desturi, alijifunza muziki nyumbani, kwa kusikiliza wakubwa na kuwafuata. Hapakuwa na darasa wala maandishi ya muziki.

Muziki na ala zake

Ilimba ni sanduku la mbao lenye vichuma vya urefu tofauti, vinavyochezwa kwa vidole. Sandukuni huwa na tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, ambao huipa sauti mvumo. Zawose alipiga pia ilimba kubwa zenye vichuma vingi kuliko zile za kawaida. Zeze ni ala ya nyuzi yenye kibuyu, inayopigwa kwa upinde.

Muziki wa Wagogo una ngazi ya sauti tano zinazotokana na sauti za asili zinazojitokeza juu ya sauti moja ya msingi. Kwa sababu hiyo haulingani kabisa na sauti za piano, na ni vigumu kuufundisha kwa kutumia kinanda au nota za Ulaya peke yake. Mwanafunzi anapaswa kuuzoea kwa sikio, akiwa karibu na mtu anayeujua. Waimbaji huimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, na Zawose mwenyewe aliweza kupanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba sana katika wimbo mmoja.

Kazi ya serikali

Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilianzisha mwaka 1962 wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Muda mfupi baadaye liliundwa kundi la taifa la ngoma, lililokusanya wasanii wa makabila mbalimbali. Rais Julius Nyerere alimwalika Zawose kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Kwa njia hiyo msanii wa kijijini alipata ajira kwa sanaa yake, na muziki wa Wagogo ukasikika mbele ya watu wasiojua Kigogo.

Hali hiyo haikuwapata wasanii wote wa jadi. Mfano mmoja ni wapiga enanga wa Wahaya katika maeneo ya Bukoba na Muleba, mkoa wa Kagera. Enanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa kwenye kipande cha mti, na waimbaji wake husimulia tendi ndefu za mashujaa. Walikuwa na nafasi katika ikulu za abakama, yaani watawala wa Wahaya. Mamlaka ya watawala wa jadi yalipofutwa mwaka 1963, ufadhili huo ulikoma, na wapigaji walibaki kutegemea wasikilizaji wa vijijini na sherehe. Tendi zao zilichunguzwa na Mugyabuso Mulokozi katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986. Wapiga enanga na Zawose walikabiliwa na swali lilelile: nani atamlipa msanii wa jadi, na nani atajifunza kutoka kwake?

Mwalimu Bagamoyo

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na wasanii wa makundi ya taifa wakawa miongoni mwa walimu wake. Zawose alihamia huko na kufundisha. Chuo kilifundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi, na wanafunzi walitoka mikoa mbalimbali. Tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Kufundisha chuoni kulibadilisha njia ya kurithisha muziki huo. Nyumbani mtoto huchukua miaka mingi kuuzoea, tena anaelewa lugha na shughuli ambayo wimbo unatumika. Chuoni mwanafunzi ana muda uliopangwa, na anaweza kuwa hajui Kigogo. Faida yake ni kwamba mtu wa kabila lolote aliweza kujifunza kwa mpigaji mwenyewe. Hasara yake ni kwamba wimbo hutengwa na shughuli yake. Zawose alitumia njia zote mbili: mbali na kazi ya chuo, aliikuza familia yake Bagamoyo kuwa kundi la muziki, lililojulikana kama Chibite.

Kimataifa

Akiwa na wanamuziki wengine wa Tanzania, Zawose alirekodi albamu ya Tanzania Yetu iliyotolewa Uingereza mwaka 1985. Albamu ya Chibite ilitolewa na kampuni ya Real World mwaka 1996. Mwaka 2002 ilifuata Assembly, aliyoitengeneza na Michael Brook kutoka Kanada. Mwaka huohuo yeye na Charles Zawose, mpwa wake, walishiriki katika ziara ya Peter Gabriel huko Amerika Kaskazini.

Kifo na urithi

Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles, aliyekuwa mshirika wake wa karibu jukwaani, alifariki mwaka 2004. Katika muda mfupi familia ilipoteza viongozi wake wawili, na ilionekana wazi kwamba muziki usiorithishwa kwa wengi unaweza kupotea na watu wachache.

Hata hivyo kundi liliendelea. Mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck alirekodi na familia hiyo, na kazi hiyo imo katika filamu ya Throw Down Your Heart ya mwaka 2008. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Pendo na Leah Zawose, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Katika muziki wa Wagogo wanawake hujulikana zaidi kwa ngoma za muheme, hivyo albamu hiyo iliyaweka mbele majina ya wanawake wa familia ambayo kwa muda mrefu ilijulikana nje ya nchi kwa wanaume wake.