Marie Taglioni: Mcheza baleti aliyejifunza kusimama bila kushikilia

Kwa takriban miezi sita, katika nyumba ya baba yake mjini Vienna, Marie Taglioni alifanya mazoezi kwa saa sita kila siku. Saa mbili za asubuhi zilikuwa za kuimarisha miguu. Saa mbili za mchana zilikuwa za msawazo: alisimama kwa mguu mmoja, kisigino kikiwa juu, bila ufito wa ukutani wala mkono wa mtu, akahesabu hadi mia moja ndipo abadili mkao. Jioni alijifunza kuruka.

Alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 23 Aprili 1804. Baba yake, Filippo Taglioni, alikuwa mtunzi wa dansi kutoka Italia. Mama yake, Sophie Karsten, alikuwa binti wa mwimbaji mashuhuri wa opera wa Uswidi. Alipokuwa akisoma Paris kwa mwalimu Jean-François Coulon, wenzake walimcheka kwa mabega yake yaliyoinama. Filippo alikwisha kumpangia onyesho la kwanza mjini Vienna, lakini alipomwona akicheza alitambua kwamba binti yake hakuwa tayari. Ndipo akaanza kumfundisha mwenyewe. Marie alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 10 Juni 1822.

Huko Vienna alimwona pia Amalia Brugnoli, Mwitalia aliyesimama juu ya ncha za vidole vya miguu, lakini kwa kujikakamua na kurusha mikono ili ajiinue. Taglioni alitaka nguvu itoke kwenye nyayo, vifundo na mgongo, mikono ibaki tulivu. Viatu vyake vya hariri laini havikuwa na ncha ngumu kama vya leo. Vilitiwa nyuzi pembezoni na mbele tu ili vihifadhi umbo lake.

Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, alicheza La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake kuhusu kiumbe wa angani anayependwa na kijana wa Scotland. Tangu hapo, kusimama juu ya vidole hakukuwa tena kiini macho cha kushangaza watazamaji. Kukawa njia ya kusimulia hadithi. Mwaka huohuo aliolewa, ingawa ndoa hiyo haikudumu. Kuanzia 1837 hadi 1842 alishangiliwa St Petersburg, na mwaka 1847 akastaafu.

Alirejea Paris mwaka 1858, akamlea kisanaa binti mmoja, Emma Livry, na kumtungia baleti ya Le Papillon mwaka 1860. Miaka miwili baadaye, wakati wa mazoezi, vazi la Emma lilishika moto kwenye taa ya gesi ya jukwaani. Aliugua kwa miezi minane, akafariki dunia Julai 1863 akiwa na umri wa miaka 20.

Baada ya vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, mali ya Taglioni ilipotea. Akiwa mzee, alijipatia riziki London kwa kuwafundisha watoto wa matajiri kucheza na kusimama kwa adabu. Alifariki dunia Marseille tarehe 22 Aprili 1884, siku moja kabla ya kutimiza miaka 80.

Hadi leo, wanafunzi wa baleti huanza somo wakiwa wameshika ufito, kisha huuacha na kwenda katikati ya chumba. Hapo huanza kazi ileile aliyoifanya Taglioni mjini Vienna.