Padri Charles Sacleux na Maneno ya Moto

Charles Sacleux alizaliwa mwaka 1856 kaskazini mwa Ufaransa. Alipewa upadri mwaka 1878 katika Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka uliofuata akatumwa Zanzibar. Kwa takriban miaka ishirini maisha yake yaligawanyika kati ya kisiwa hicho na Bagamoyo, ambako shirika lake lilifungua misheni mwaka 1868 na kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani.

Bagamoyo ya wakati huo ilimfaa sana mtu mwenye sikio la lugha. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapo, na majahazi yaliuunganisha mji na Unguja, Mombasa na Lamu. Jambo moja liliweza kutajwa kwa maneno kadhaa. Sacleux alikuwa pia mkusanyaji hodari wa mimea, hata jenasi Sacleuxia ikapewa jina lake. Maneno aliyatunza kama alivyotunza majani: kila moja pamoja na mahali lilipotoka.

Faida ya utaratibu huo huonekana wazi katika maneno ya joto na ya hisia kali. Kifaransa na Kiingereza vina vivumishi vingi vya fungu hili. Kiswahili kina vivumishi asilia vichache, na kazi hiyo hufanywa na -a uhusiano, na -enye, na hasa vitenzi: chai ni ya moto, mzee ana hasira, kijana amehamaki, moyo unachemka. Kivumishi -kali, kwa upande wake, huhudumia jua, kisu, siki, mbwa, dawa na mwalimu. Harara ni joto la mwili, ni vipele, na pia ni wepesi wa kukasirika. Anayetafuta neno moja la kigeni kwa kila neno la Kiswahili hapa hatafika.

Tuchukue mfano unaowakwaza wanafunzi hadi leo. Chai kali si chai ya moto: ya kwanza imekolea majani, ya pili huunguza ulimi. Kiingereza huvieleza kwa kivumishi kimoja ukali wa pilipili na umoto wa chai, ilhali Kichina, kama Kiswahili, huvitenga. Kwa hiyo Mchina anayejifunza Kiswahili kwa kupitia Kiingereza huweza kupotoshwa na daraja lenyewe, wakati lugha ya mama yake ingemvusha salama.

Mwaka 1891 Sacleux alichapisha kamusi ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1898 alirudi Ufaransa, lakini hakuiacha kazi. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilimngoja zaidi: juzuu la kwanza lilitoka Paris mwaka 1939, naye ana umri wa miaka 83, na la pili mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Yote mawili yana kurasa zaidi ya elfu moja.

Mwaka huohuo wa 1939 ilitoka kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yenye msingi wa Kiunguja. Shule zilihitaji kamusi ya namna hiyo, na ndiyo iliyoenea. Kamusi ya Sacleux ilihifadhi kile ambacho usanifishaji ulikiacha kando, yaani sauti za lahaja nyingine, lakini ilifanya hivyo kwa maelezo ya Kifaransa. Wasemaji wengi wa pwani ambao maneno hayo ni yao hawakuweza kuyasoma maelezo hayo, na hata leo mwanafunzi wa Tanzania mwenye Kiswahili na Kiingereza tu hukwama mlangoni.

Sacleux alifariki mwaka 1943 huko Grasse, Ufaransa, miaka 45 baada ya kuondoka Afrika. Mfasiri anayekutana na -kali au moto anaweza kunufaika na mfano wake: kabla ya kuuliza maana ya neno, na aulize limeandamana na nomino gani, na linasemwa wapi.