Charles Lewis Tiffany

Charles Lewis Tiffany (15 Februari 1812 – 18 Februari 1902) alikuwa mfanyabiashara wa vito kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kwa pete ya kucha sita iliyotolewa na duka lake.

Maisha

Alizaliwa Killingly, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1837 yeye na John B. Young walifungua duka la vifaa vya kuandikia na mapambo mjini New York, kwa mkopo wa dola 1,000 kutoka kwa baba yake. Siku ya kwanza mauzo hayakufika dola 5. Mwaka 1853 alishika usimamizi, na duka likaitwa Tiffany & Co.

Hakuwa sonara, na jicho lake halikuwa salama daima. Mwaka 1872 aliletewa vito visivyochongwa, ambavyo walaghai walidai vimeokotwa magharibi mwa Marekani. Alivikadiria kuwa na thamani ya dola 150,000, kumbe vilikuwa mawe ya bei ndogo yaliyonunuliwa Ulaya.

Pete ya kucha sita

Awali almasi nyingi za pete zilizamishwa ndani ya dhahabu, hivyo mwanga haukuweza kupenya ubavuni. Pete ya mwaka 1886 ililiinua jiwe juu ya kidole na kulishika kwa kucha sita nyembamba.

Sonara anayetengeneza pete ya namna hii kwa mkono huunganisha kucha na kitako kwa lehemu. Kisha, kwa tupa, hukata pengo dogo upande wa ndani wa kila ukucha, mahali utakapokaa ukingo wa jiwe. Mapengo yote sharti yawe kimo kimoja, la sivyo jiwe hukaa upande. Mwishowe hukunja kucha kidogo kidogo, kila mmoja akifuatisha ule unaoelekeana nao. Hapa ndipo penye hatari: pengo likizidi kina ukucha hukatika, likipungua jiwe hucheza na siku moja hudondoka.

Miaka ya mwisho

Alifariki Yonkers, New York. Mwanawe, Louis Comfort Tiffany, alipata sifa kwa kazi za vioo vya rangi. Kwa Watanzania, kampuni hiyo ndiyo iliyokipa kito cha Merelani jina la tanzanaiti mwaka 1968.