Sir Oswald Stoll: Bosi wa kumbi aliyewapa majeruhi wa vita nyumba jirani na Stamford Bridge

UKISHUKA kituo cha treni cha Fulham Broadway siku ya mechi ya Chelsea, unatembea dakika chache tu kwenye Barabara ya Fulham kabla ya kufika Stamford Bridge. Pembeni kabisa mwa uwanja huo kuna maghorofa ya zamani ya matofali. Maelfu ya mashabiki huyapita kila wiki, akili yote ikiwa kwenye kikosi kitakachoanza.

Mle ndani wamekuwa wakiishi askari wa zamani na familia zao. Wazo la kuwajengea hapo lilitoka kwa mtu wa burudani, Sir Oswald Stoll.

Stoll alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1866, akiitwa Oswald Gray. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo. Mama yake, Adelaide, akahamia Liverpool na kuolewa na John Stoll, mmiliki wa ukumbi wa muziki ulioitwa Parthenon. Jina la Stoll alilipata hapo.

Mwaka 1880 baba huyo wa kambo naye akafariki. Oswald alikuwa na miaka 14 tu. Akaacha shule na kuingia mzigoni kumsaidia mama yake kuendesha ukumbi. Kijana akajua mapema familia inavyoyumba pale anayeleta mkate anapoondoka.

Biashara alikuwa nayo damuni. Alitoka Liverpool akaingia Cardiff, kisha akaungana na Edward Moss na kuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa kumbi Uingereza. Desemba 1904 akafungua London Coliseum, ukumbi mkubwa wenye jukwaa linalozunguka. Miezi michache baadaye, Machi 1905, Chelsea nayo ikaanzishwa.

Hakuwa bosi wa kelele. Alikuwa mpole, hanywi pombe, na wasanii waliofanya kazi kwake walikatazwa lugha chafu jukwaani. Alitaka baba aje na mke na watoto bila aibu. Kwa Stoll, kila kitu kilikuwa familia kwanza.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia.

Soka iliendelea kwa msimu mmoja tu. Aprili 24, 1915, Chelsea ilicheza fainali yake ya kwanza ya Kombe la FA, ikachapwa mabao 3-0 na Sheffield United pale Old Trafford. Majukwaa yalijaa wanajeshi waliovaa sare, wengine wakiwa majeruhi, ndiyo maana mechi hiyo ikabaki na jina la Fainali ya Kaki. Baada ya hapo ligi ikasimama.

Waliorudi kutoka mstari wa mbele wengi hawakurudi wazima. Zaidi ya wanajeshi 41,000 wa Uingereza walipoteza mkono, mguu au zaidi ya kiungo kimoja. Wengine walipofuka au kuharibiwa mapafu na gesi ya sumu. Hospitali ziliweza kufunga vidonda, lakini ishu ilikuwa baada ya hapo. Asiyeweza kupanda ngazi anaishi wapi? Anayehitaji matibabu kila siku atakaaje na mkewe na watoto?

Jibu la wengi lilikuwa kuwaweka kwenye vituo, mbali na nyumbani. Stoll hakulikubali. Mtu aliyetoa mguu wake kwa ajili ya nchi, aliona, hapaswi kunyang'anywa na familia yake pia.

Akaanzisha mfuko na kuuza stempu ndogo za mchango kwa nusu peni, watu wakawa wanazibandika kwenye bahasha za barua. Ilikuwa hesabu ya mtu wa kumbi: kiingilio kiwe kidogo, waje wengi. Senti hizo zikasaidia kujenga maghorofa ya Fulham. Kila familia ilipata nyumba yake na mlango wake, na matibabu yakapatikana palepale. Mzee akitoka kutibiwa, anarudi mezani kula na wanawe.

Mwaka 1919 Stoll akapewa cheo cha Sir. Vita ilikuwa imekwisha, soka ikarudi, na fainali za Kombe la FA za 1920, 1921 na 1922 zote zikapigwa Stamford Bridge. Shangwe zilisikika hatua chache kutoka kwenye vyumba vya watu waliokuwa wakijifunza upya kutembea.

Yeye akaingia pia kwenye filamu, akafungua studio Cricklewood iliyotoa filamu nyingi za mpelelezi Sherlock Holmes. Januari 1942, vita nyingine ikiwa imepamba moto, Stoll akafariki dunia London akikaribia miaka 76. Kampuni yake ya filamu ilishapitwa na wakati. Nyumba za Fulham zikaendelea kupokea majeruhi wapya.

Taasisi iliyobeba jina lake iliendeleza kazi hiyo. Mbali na makazi, imewasaidia askari wastaafu kutafuta kazi, kushughulikia afya ya akili na kuzoea maisha ya uraiani, ambako wengi hukwama.

Mwaka 2023 Chelsea ilikubaliana kununua sehemu ya eneo hilo, ekari 1.2, kwa dau lililoripotiwa kuwa karibu Pauni 80 milioni. Stamford Bridge inabeba watu 40,000 hivi na klabu inahitaji nafasi ya kupanuka. Taasisi ilisema fedha hizo zitapatia maveterani makazi mengine.

Kwa shabiki, ni habari ya uwanja mkubwa zaidi. Kwa mkongwe anayeishi pale, ni habari ya kufungasha. Stoll aliacha kipimo rahisi cha kuamua kama biashara hiyo ni nzuri: mwisho wa siku, askari na familia yake walale chini ya paa moja.