Rameau na mzizi wa sauti

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuimba katika kwaya anazifahamu do, mi na so. Lakini aulizwapo kwa nini sauti hizo tatu hupatana, na kwa nini wimbo hauonekani kuisha mpaka urudi kwa do, aghalabu hujibu kwamba ndivyo alivyofunzwa. Mtu mmoja aliyekataa kuridhika na jibu la namna hiyo ni Mfaransa Jean-Philippe Rameau. Maisha yake yana funzo kwetu sote tunaofundisha na tunaofundishwa.

Rameau alizaliwa katika mji wa Dijon mwaka wa 1683, mwana wa mpiga kinanda wa kanisa. Akairithi kazi ya babake, na kwa miaka mingi alihamahama kati ya makanisa ya Avignon, Clermont, Dijon na Lyon pasipo sifa kubwa. Mwaka wa 1722, akikaribia umri wa miaka 40, alichapisha mjini Paris kitabu juu ya upatanifu wa sauti. Hicho ndicho kilichomtoa gizani.

Kabla ya hapo wapiga kinanda walikariri kanuni chungu nzima: juu ya sauti fulani ya besi, piga sauti fulani. Rameau alionyesha kwamba do-mi-so, mi-so-do na so-do-mi si vitu vitatu bali ni kordi moja, kwani mzizi wake ni do hata pale do isipokuwa chini. Kwa kuifuata mizizi hiyo, aliyoiita besi ya msingi, mtu aliweza kueleza jinsi kordi moja inavyoielekea nyingine hadi wimbo ukafika nyumbani. Hapo ndipo elimu ya tonaliti ilipopata nguzo yake, ingawa neno lenyewe lilikuja baadaye, katika karne ya 19.

Waliomdhania kuwa bingwa wa nadharia tu walishangaa mwaka wa 1733, alipotoa opera yake ya kwanza, Hippolyte et Aricie, akiwa na miaka 50. Kwa hakika, kawia ufike.

Hata hivyo, msomi huyu alikuwa na kasoro yake. Alikuwa amejifunza, kutokana na utafiti wa Joseph Sauveur, kwamba uzi mmoja ukipigwa hutoa pia sauti nyingine hafifu za juu, na miongoni mwazo mna do, mi na so. Akatangaza kwamba maumbile yenyewe ndiyo yaliyotunga muziki. Lakini kordi ya la-do-mi, ambayo wengi huisikia kuwa ya huzuni, haimo katika sauti hizo. Mwaka wa 1737 alidai kwamba nyuzi ndefu zaidi hutetema zima zima na kuizalisha. Majaribio yalipomsuta alibadili maelezo, ila dai lake kuu hakuliacha. Akagombana na Rousseau, na hata d'Alembert, aliyekuwa ameieleza nadharia yake kwa lugha nyepesi mwaka wa 1752, mwishowe walitofautiana. Alifariki mjini Paris mwaka wa 1764 akiwa bado anabishana.

Miaka 80 baadaye, mwaka wa 1844, Mbelgiji François-Joseph Fétis alishikilia kwamba tonaliti haikutoka katika maumbile bali ni mpango wa binadamu, unaotofautiana kati ya watu na watu, na kati ya zama na zama.

Tuchukue basi yote mawili. Mwalimu anayempa mwanafunzi kanuni ishirini za kukariri bila kumwonyesha mzizi wake anamnyima elimu. Na mwalimu anayemwambia kwamba do-mi-so ni sheria ya ulimwengu mzima anamfunza kuudharau muziki wowote usiofuata njia hiyo, ukiwemo wa nyanya yake. Rameau alitufundisha kuutafuta mzizi. Kosa lake linatuonya tusidhani kwamba mti wetu ndio msitu.