Padre Charles Sacleux na Majina Aliyotuachia

Charles Sacleux alizaliwa mwaka 1856 kijijini Enquin, kaskazini mwa Ufaransa. Kwa desturi ya kwao, Sacleux lilikuwa jina la baba yake na la babu yake mzaa baba, na lingekuwa la watoto wake pia kama angeoa. Mfaransa akiwatafuta mababu zake hulishika jina hilo moja na kurudi nalo nyuma. Huanza na daftari za serikali, zilizoanza mwaka 1792, kisha hufungua vitabu vya ubatizo vya parokia, ambavyo Mfalme Fransisko wa Kwanza aliamuru vitunzwe tangu mwaka 1539.

Kwetu Sindeni, kati ya Handeni na Korogwe, njia hiyo ingempoteza mtu mapema. Mtoto huitwa jina lake, la baba na la babu, na akizaa yeye, la babu linaanguka. Tena Wazigua wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo jina la baba peke yake halikumwambia mtu yeye ni wa nani.

Sacleux aliingia Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1879 akafika Zanzibar akiwa padre kijana. Misioni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilikuwa imejaa watoto waliokombolewa utumwani. Miaka miwili baada ya kufika kwake, mapadre wenzake walifungua misioni ya Mandera, katika nchi ya Wazigua.

Hapo ndipo suala la majina linapouma. Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo hakuweza daima kuwataja wazazi wake wala kijiji chao. Alipobatizwa alipewa jina la mtakatifu na msimamizi wa ubatizo, naye akaanza ukoo mpya. Wajukuu wake leo wakitafuta asili yao, wanaweza kufika kwenye mstari huo wa kitabu cha ubatizo na kukwama. Tunawashukuru wamisionari kwa ukombozi ule, lakini hatuoni sababu ya kuficha kwamba majina mengi ya Kiafrika yalipotea njiani.

Padre Sacleux mwenyewe hakuwa mtu wa kupoteza majina. Alisikiliza watu na kuandika, neno kwa neno. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na sarufi ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, alipokuwa amekwisha kurudi kwao tangu mwaka 1898. Kazi yake kubwa, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa yenye zaidi ya kurasa 1,000, ilichapwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, yeye akiwa amepita miaka 80. Humo neno halikai peke yake: anaeleza ni la Unguja, la Mvita, la Amu au la Mrima, na kama limetoka Uarabuni au Uhindi analitajia kwao. Maneno nayo yana ukoo, na yeye aliufuatilia kwa uvumilivu ambao sisi waseminari, tunaochoka na kurasa tano za Kilatini, tungeuonea wivu.

Mimea nayo aliikusanya na kuipeleka Paris pamoja na majina yake ya kienyeji. Mtaalamu Baillon aliita jenasi moja ya mimea Sacleuxia. Uko pia mti wa misitu ya Usambara, juu ya Korogwe, ambao wataalamu wanauita Millettia sacleuxii. Kwa Kilatini, herufi mbili za mwisho zina maana ya “wa Sacleux”, sawasawa na sisi tunavyosema mtoto wa fulani.

Padre Sacleux alifariki huko Grasse, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1943. Hakuacha mtoto wa kulibeba jina la baba yake. Miti ya Usambara inalibeba hadi leo.