Maurice Yonge na mpangaji wa matumbawe

Wengi wa wanafunzi wangu hapa Burundi hawajaiona bahari. Hata hivyo, kila ninapofundisha jinsi viumbe wanavyotegemeana, huwasimulia habari za Mwingereza Maurice Yonge, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki dunia mwaka 1986.

Mtoto huyo wa mwalimu mkuu alikuwa na miaka 28 tu msafara wa wanasayansi aliouongoza ulipoanza kazi. Kuanzia Julai 1928 hadi Julai 1929 walipiga kambi Low Isles, visiwa vidogo vya Queensland, Australia. Mkewe, Mattie, alikuwa daktari wa msafara.

Tumbawe si jiwe, ndugu msomaji. Ni mnyama mdogo anayejijengea nyumba ya chokaa, na mwilini mwake humo huishi mwani usioonekana kwa macho. Yonge alitaka kujua mpangaji huyo analipa kodi gani. Aliyafungia matumbawe gizani, nayo yakautoa mwani, lakini yaliyoendelea kulishwa hayakufa. Akahitimisha kwamba tumbawe ni mla nyama, na kwamba mwani humsaidia kuondoa uchafu mwilini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, wengine walipotumia kaboni yenye mionzi, ilianza kuonekana kwamba mwani humpa mwenyeji wake chakula unachotengeneza kwa mwanga wa jua. Yonge, aliyekuwa profesa Glasgow kuanzia 1944 hadi 1964, alikuwa hai kuyashuhudia hayo.

Lakini jambo moja aliloliona halijapingwa: maji yakizidi joto, tumbawe humtoa mpangaji wake na kubaki jeupe. Mwaka 1998 hayo yaliikumba Bahari ya Hindi, zikiwemo pwani za Kenya na Tanzania, na matumbawe mengi yakafa. Samaki hukosa makao, mvuvi hukosa riziki.

Mimi nilisoma ukimbizini Tanzania, kwenye ardhi ambayo wenyeji walitugawia nasi tukailima, mavuno yakafika hadi sokoni kwao. Kwa hiyo somo hili halinipi shida kulifafanua. Mgeni na mwenyeji hufaidiana mazingira yakiwa shwari. Yakichafuka, mgeni hutolewa kwanza, na mwenyeji naye huanza kudhoofika. Kwa matumbawe, kinachoyachafua ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo tunaisababisha sisi binadamu.